Kiti cha Anshel

Hakuna aliyekikalia kiti kile ila yeye.
Hata paka alijua.
Nilipokuwa na miaka sita nilikigusa kwa kidole kimoja,
pale ngozi ilipochakaa kwa kisogo cha baba,
nikakimbilia jikoni kama niliyeiba sukari.

Antwerp, orofa ya tatu, nyuma ya kituo cha treni.
Mvua haijakatika tangu Jumanne.
Baba alinoa almasi miaka arubaini na mmoja,
jicho la kushoto likabaki limefinywa
hata mezani, hata akitubariki Ijumaa jioni,
kana kwamba anatafuta ufa ndani yetu.

Akauona kwa Getzel.
Kaka alioa aliyemtaka, si aliyechaguliwa,
na baba akasema, akikata mkate:
"Fradel, tangu leo huna kaka."
Nikameza.
Nilimeza miaka kumi na tisa.

Sheria nilifundishwa na mama tukikunja mashuka:
kumheshimu ni kumlisha, kumnywesha, kumvika,
kumtoa nje na kumrudisha ndani.
Kumcha ni kutokalia mahali pake,
kutompinga kauli,
wala kutosema "baba amesema kweli" hata aliposema kweli,
kwani wewe ni nani hata umpimie?
Akiutupa mfuko wako wa dhahabu baharini
nawe unatazama,
usimwaibishe.

Sehemu ya pili mama hakunifundisha.
Labda mashuka yaliisha.

Siku hizi baba ananiita mwizi.
Sahani za maziwa anazichanganya na za nyama,
saa tisa usiku yuko mlangoni, anachelewa kazini.
Juzi alinipiga kwa mkongojo
kisha akaniomba, kwa adabu kabisa,
nimwitie Fradel, binti yake, aje amtetee.
Nikatoka ukumbini. Nikavua aproni. Nikarudi.
"Nimekuja, baba."
"Umechelewa," akasema.

Nilikwenda kwa Rabi Zundel, mkono umefungwa kitambaa.
Nilikwisha jiandaa kuambiwa nivumilie;
hata uso wa kuvumilia nilikuwa nimeuvaa.
Akafungua kitabu, akapitisha kidole mstari kwa mstari:
mzazi akipotewa na akili
na mtoto akawa hawezi tena,
na aondoke, awaagize wengine wamtunze ipasavyo.

"Kwa fedha za nani?" Mimi ni binti wa mpima mawe.
"Zake, kama anazo."
"Anazo."

Mlangoni nikageuka.
"Na ile amri kuhusu kaka yangu?"
Akavua miwani.
Baba akikuamuru umnyime mtu salamu, akasema,
neno hilo halikufungi.
Yeye na wewe mnadaiwa heshima na Mmoja;
hawezi kulipa deni lake kwa mfuko Wake.
"Mbona hukuuliza mapema?"
"Kuuliza kungekuwa kumpinga."
Alinyamaza muda mrefu
kwa mtu ambaye kazi yake ni kujibu.

Jumapili wakaja vijana wawili wa makao ya wazee
pamoja na Godelieve, muuguzi mwenye mikono mikubwa.
Kiti kikagoma kwenye kona ya ngazi.
Kikageuzwa, kikainamishwa, kikapita miguu juu
kama ng'ombe anayezaliwa vibaya.
Baba alikifuata, ameshika mkia wa koti la Godelieve,
akimwonya kila hatua: "Taratibu. Kina mwenyewe."

Usiku nikazungusha namba
niliyoikariri miaka yote bila kuitumia.
"Ni mimi," nikasema.
Nikasikia sufuria ikitolewa motoni.
"Amekufa?" aliuliza Getzel.
"Hapana."
"Basi amekuruhusu."
"Hapana."
Mvua ilipiga dirisha lake pia; hayuko mbali,
kumbe hakuwahi kuwa mbali, vituo vinne vya tramu.
"Kesho saa nne ninamlisha," nikasema.
"Anapenda tufaha lililopondwa. Ukitaka, shika kijiko."

Kwenye zulia yamebaki mashimo manne madogo.
Nimepiga ufagio pembeni yake, nimeweka taa karibu.
Chumba ni chembamba; njia fupi ya kwenda dirishani
inapita hapo hapo katikati.
Mimi huzunguka.